Maswali ya Wasomaji: Kufungua, Kusafisha na Kufunga Bastola Ndogo

Mvua za Nyanda za Juu Kusini zikishakatika mwezi Mei, barua zinazotufikia hufanana. Bastola imekaa na unyevu tangu Novemba, mwenyewe anaitoa, anaona vidoa vyekundu kwenye chuma au anasikia slaidi ikikwaruza, kisha anauliza aanzie wapi. Safari hii tunajibu barua saba. Majibu ni kwa mwenye leseni anayehudumia silaha yake mwenyewe, kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kitabu cha mtengenezaji kilichokuja na bastola yako kisome pamoja na majibu haya, maana kila aina ina mlango wake.

Maneno machache tutakayoyatumia: slaidi ni chuma cha juu kinachorudi nyuma ukikoki, yaani ukiivuta nyuma na kuiachia. Fremu ni sehemu ya chini yenye mpini na triga. Magazini ni kile kikasha cha risasi kinachoingia ndani ya mpini. Chemba ni mwanzo wa mtutu, pale risasi inapolala. Kucha ni kijimeno cha pembeni mwa slaidi kinachovuta ganda kutoka chembani. Fataki ni kile kiduara katikati ya kitako cha risasi kinachopigwa na pini.

SWALI: Nina Glock 19, huu ni mwaka wa pili tangu nipate leseni, ila sijawahi kuifungua. Nimeambiwa lazima nivute triga kwanza ndipo slaidi itoke. Hilo linanitisha. Naomba hatua moja moja. (Msomaji, Tukuyu)

JIBU: Ndugu yetu, hofu hiyo ni ya haki, wala usiipoteze. Ndani ya Glock pini ya kupigia hukaa imevutwa nusu, na kinachoishikilia ni ndoana iliyoungana na triga. Ndoana isipoachia pini, slaidi haitoki kwa mbele. Ndiyo maana triga huvutwa. Na ndiyo maana mtu aliyekosea kuondoa risasi chembani hujikuta amepiga risasi sebuleni kwake akidhani anafungua.

Kosa lenyewe ni la mpangilio. Mtu anakoki kwanza, risasi iliyokuwa chembani inaruka mezani, anaridhika. Slaidi ikirudi mbele inabeba nyingine kutoka kwenye magazini. Ndipo anachomoa magazini. Kwa macho yake kila kitu kimetoka: magazini iko mkononi, risasi iko mezani. Ile ya pili imelala chembani, na anakaribia kuvuta triga.

Basi magazini kwanza, siku zote. Mdomo wa bastola uelekee mahali panapoweza kuzuia risasi. Ukuta wa tofali za kuchoma si wa kuaminiwa, dari ndiyo kabisa, na sakafu ya saruji huirudisha risasi. Weka karibu ndoo ya lita 20 iliyojaa mchanga mkavu, elekeza mdomo ndani yake kutokea juu. Kidole kilale kimenyooka juu ya fremu, nje ya kikingio cha triga. Bonyeza kitufe, chomoa magazini. Sasa koki mara tatu, kwa nguvu, uone kama kuna kitu kinaruka. Kisha vuta slaidi nyuma na uinue kile kishikizo cha ubavuni ili ibaki wazi.

Hapo angalia. Simama penye mwanga, tazama ndani ya chemba, tazama na tundu la magazini. Ingiza kidole cha mwisho chembani uguse. Macho hudanganywa na kivuli, na kitako cha risasi iliyochakaa hufanana sana na chuma kilichopauka, kidole hakidanganyiki. Inua macho, angalia pengine kwa sekunde chache, kisha kagua upya. Risasi zote, za magazini na iliyotoka, zipeleke chumba kingine kabla hujakaa mezani, na mlango ufungwe. Pawepo meza, bastola na vifaa vya kusafishia tu. Simu pia ikae mbali: mtu akipigiwa katikati ya hatua hizi, akirudi aanze upya toka magazini.

Umeshahakikisha. Achia slaidi irudi mbele, mdomo bado uko kwenye ndoo, vuta triga. Utasikia mlio mkavu. Sasa shika bastola kwa mkono wa kulia hivi: vidole vinne vipite juu ya slaidi, gumba likumbatie nyuma ya mpini. Kamua, ili slaidi irudi nyuma kidogo tu, kama milimita 3. Kwa gumba na kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, shusha vile vifungo viwili vidogo vilivyo pande zote mbili za fremu, juu ya triga. Vishuke vyote kwa pamoja. Vikiwa chini, sukuma slaidi mbele, itateleza na kutoka yote.

Wengi hukwama hapa na kuanza kulaumu bastola. Wamevuta slaidi mbali mno. Ikirudi zaidi ya zile milimita chache, triga hujirudishia mbele, pini inashikwa tena, na slaidi haitatoka hata ukiisukuma kwa goti. Dalili unaiona: triga imesogea mbele. Usilazimishe. Rudia ukaguzi wa chemba, vuta triga, kamua tena kwa kiasi.

Slaidi ukiigeuza tumbo juu utaona springi ya kurudishia na ufito wake. Isukume mbele kidogo, iinue, itoke. Ina mkazo, kwa hiyo ishike na uso uuweke kando. Kisha mtutu: usogeze mbele kidogo, uinue, utoke kwa nyuma. Hapo umepata vipande vinne: fremu, slaidi, springi na mtutu. Kwa usafi wa kawaida unaishia hapo.

Mtutu usafishwe kutoka chembani kwenda mdomoni, kwa kuwa mdomo ndio mahali pa mwisho risasi inapoagana na mtutu. Mkwaruzo mdogo pale huipotosha. Pitisha kitambaa cha pamba kilicholowa dawa ya kusafishia silaha, subiri dakika 5 masizi yalainike. Chukua brashi ya nyuzi za shaba ya saizi ya milimita 9, ipitishe kama mara 10, kila safari itokeze yote upande wa pili kabla ya kuirudisha. Ukigeuza brashi ikiwa ndani, nyuzi hupinda na kukwama. Brashi ya chuma cha pua usiiguse, inakwaruza mifereji. Halafu vitambaa vikavu, kimoja baada ya kingine, mpaka kitoke cheupe. Kitambaa cha mwisho kiwe na tone la oili, kisha pitisha kikavu. Chemba ibaki kavu kabisa: ganda linapopigwa hutanuka na kushika kuta za chemba, na penye oili halishiki, nguvu yote inakwenda kugonga uso wa slaidi.

Slaidi inaposafishwa ishikwe mdomo ukitazama chini, ili dawa ichuruzike nje, isiingie kwenye njia ya pini. Tumia mswaki mkavu kwenye ule uso unaogonga kitako cha risasi, na njiti ya kiberiti iliyochongwa kwa ajili ya uchafu ulioganda chini ya kucha. Hapo ndipo masizi na chembe za shaba hujikusanya. Ukikuta grisi yenye rangi ya shaba ndani ya slaidi ya Glock mpya, iache. Imewekwa kiwandani kwa ajili ya kipindi cha kuzoeana kwa vyuma. Fremu ifute kwa kitambaa, hasa zile reli nne fupi za chuma.

Oili ni kidogo kuliko unavyofikiri. Tone moja kwenye kila mfereji wa slaidi, ulitandaze kwa kidole. Tone moja nje ya mtutu, pale juu unapong'aa kwa kusuguana na slaidi, na kitambaa chenye mafuta kipite sehemu iliyobaki. Na tone moja kwenye kona ya nyuma kulia ya fremu, chuma cha triga kinapokutana na kile kipande chembamba kinachokiongoza. Hili la mwisho ndilo husahaulika, na likikauka triga huwa nzito na yenye kukwaruza. Jumla haifiki matone 6.

Kufunga ni kinyumenyume. Mtutu ndani ya slaidi, kisha springi. Kichwa cha nyuma cha springi kikae ndani ya kile kibonyeo cha nusu mwezi kilichokatwa kwenye tumbo la mtutu. Kikikaa pembeni ya kibonyeo, slaidi itaingia kwenye reli lakini itagoma njiani. Linganisha reli, vuta slaidi nyuma yote. Vifungo vitajifunga vyenyewe. Sasa jaribu, bila magazini: koki, vuta triga, usikie mlio. Shikilia triga nyuma, koki tena, iachie triga polepole. Lazima usikie mlio mdogo wa kujirudisha. Mwisho ingiza magazini tupu na ukoki: slaidi ibaki wazi yenyewe. Likikosekana lolote katika haya matatu, hiyo bastola haipakiwi risasi mpaka ionekane tatizo.

Kwa mtu wa Tukuyu, ambako mvua ya mwaka hupita milimita 2,000, bastola inayobebwa ifunguliwe angalau mara moja kwa mwezi hata kama haijapiga, na jioni ileile ikiwa imepiga au imenyeshewa.

SWALI: Yangu ni CZ 75 Compact na ya kaka yangu ni Walther PPK. Nikifuata hatua za Glock hazifanani kabisa. Vifungo viwili hamna. (Msomaji, Iringa mjini)

JIBU: Havipo kweli. Ukaguzi ndio unaofanana: magazini, koki, macho, kidole. Baada ya hapo kila moja ina njia yake.

Kwenye CZ 75 tazama upande wa kushoto, nyuma, karibu na nyundo. Kuna mistari miwili mifupi, mmoja umechorwa kwenye slaidi na mwingine kwenye fremu. Rudisha slaidi nyuma taratibu mpaka mistari ilingane uso kwa uso. Ishikilie hapohapo. Sasa ule mkono mrefu wa kushikilia slaidi, ulio kushoto, una pini inayopita hadi upande wa kulia. Sukuma ncha ya pini hiyo kutoka kulia kwenda kushoto, uutoe mkono wote. Bastola mpya huwa ngumu. Igonge kwa mpini wa bisibisi wa plastiki au kijiti kigumu, usitumie msumari wala nyundo ya chuma. Isipotoka kwa kugonga kidogo, mistari haijalingana, hata ikikosea kwa unene wa ukucha. Pini ikitoka, slaidi na mtutu vinateleza mbele. Triga hujaigusa.

Wakati wa kufunga, pini isipoingia angalia ndani ya tundu: huenda jicho lililo chini ya mtutu halijakaa sawa na tundu la fremu. Tikisa mtutu kidogo mpaka uone mwanga upande wa pili. Kumbuka pia kwamba slaidi ya CZ hupita ndani ya fremu, si nje yake kama bastola nyingi. Reli zake ni ndefu na zimejificha, kwa hiyo mswaki uzipitie kwa urefu wote.

PPK hufunguka kwa kikingio cha triga. Baada ya ukaguzi, kivute chini, kisukume kidogo pembeni kiegemee fremu. Vuta slaidi nyuma hadi mwisho, inua sehemu yake ya nyuma, kisha ipeleke mbele polepole itoke. Springi imeuzunguka mtutu, izuie isiruke. Mtutu wenyewe haufunguki, umekazwa kwenye fremu, na ufito hauwezi kuingilia chembani. Tumia kamba ya kuvutia: dondosha upande wa chembani, utokee mdomoni, uvute kitambaa nacho. Kaka yako akizoea kuchokonoa kwa ufito kutokea mdomoni, baada ya miaka michache mdomo utakuwa umeliwa upande mmoja.

SWALI: Huku Usangu vumbi ni jingi, hasa kuanzia Agosti. Bastola yangu naipaka oili kila wiki lakini ndiyo kwanza inazidi kukwama. Risasi haipandi vizuri, na mara nyingine slaidi haifungi hadi mwisho. (Msomaji, Mbarali)

JIBU: Oili hiyo ndiyo inayokukwamisha. Vumbi la mabonde ya mpunga likikauka ni laini kama unga. Likikuta chuma kikavu hupita. Likikuta oili hunata, na vumbi na oili vikichanganyika hufanya tope linalosaga chuma kama msasa laini. Lisugue kati ya vidole viwili, utasikia chenga zake.

Fungua, osha yote kwa dawa, kausha, kisha weka oili kwa kipimo tulichompa msomaji wa Tukuyu, uipunguze nusu. Kwenye mkazo mkubwa wa vumbi baadhi ya watu hupendelea grisi nyepesi ya silaha kwenye reli, safu nyembamba ya kung'arisha tu, kwa kuwa haitembei. Kufuta vumbi la nje kila jioni kwa kitambaa kikavu kutakusaidia kuliko chupa nzima ya mafuta.

Kuhusu risasi kutopanda, tunashuku magazini kabla ya bastola. Itoe risasi zote, bonyeza kile kibao cha juu kwa kidole uone kama kinashuka na kupanda bila kusita. Kikisita, ndani kuna uchafu. Magazini nyingi hufunguka kwa chini: kuna tundu dogo kwenye kitako, bonyeza kwa ncha ya kijiti huku ukisukuma kitako mbele. Springi iliyo ndani imebanwa. Izibe kwa gumba kadiri kitako kinavyotoka, la sivyo itakupiga usoni. Kabla ya kuitoa angalia imekaa upande gani, au ipige picha, kwa sababu ikirudishwa kichwa chini magazini haitalisha. Futa ndani kwa kitambaa kikavu. Magazini haipakwi oili hata tone: mafuta hushika vumbi, na hupenya mpaka kwenye fataki za risasi zilizo ndani.

Na zipe namba, kwa rangi ya kucha, 1, 2, 3. Kama mikwamo yote inatokea kwenye namba 2, umeshapata mgonjwa wako bila kugusa bastola.

Slaidi isiyofunga hadi mwisho baada ya usafi huu wote huelekeza kwenye springi ya kurudishia iliyochoka. Springi hubadilishwa, haivutwi kwa mkono ili irefuke. Ukiivuta itaonekana ndefu kwa wiki moja.

SWALI: Natumia mafuta ya alizeti kwa kuwa yapo nyumbani. Jirani anatumia oili ya cherehani, mwingine anaosha kwa petroli. Nani yuko sahihi? (Msomaji, Mafinga)

JIBU: Wa cherehani yuko karibu. Oili ya cherehani ni nyepesi na haigandi, inafaa kulainisha. Udhaifu wake ni kwamba kinga yake dhidi ya kutu ni ndogo, na kwa ukungu wa Mufindi itabidi aipake upya mara kwa mara. Akipata oili iliyotengenezwa kwa ajili ya silaha, aitumie hiyo.

Mafuta ya alizeti yaondoe leo. Mafuta ya mbegu hushika hewa na kugeuka taratibu kuwa gundi. Yatazame kwenye ukingo wa kikaango cha zamani, ule utando wa njano usiotoka kwa maji. Ndicho kinachojengeka kwenye reli na karibu na pini. Utando huo hulainishwa kwa dawa ya kusafishia silaha au mafuta ya taa, ukisugua kwa mswaki, mara mbili au tatu.

Mafuta ya taa yanafaa kuoshea, hayafai kubaki; yafutwe yote, kisha oili. Petroli tunaikataa. Mvuke wake hutambaa chini sakafuni, na katika miezi ya baridi nyumba nyingi za huku zina jiko la mkaa ndani. Mvuke haungoji kiberiti. Hata kwa mafuta ya taa, fanyia kazi nje au dirisha likiwa wazi, jiko likiwa limetolewa.

Jambo lingine watu hulipuuza: masizi ya risasi yana madini ya risasi yenyewe, yale mazito yenye sumu, kutoka kwenye fataki na kichwa cha risasi. Usisafishie meza ya kulia chakula. Usile wala kuvuta sigara ukiwa kazini. Vitambaa vilivyotumika vifungwe kwenye mfuko, watoto na mama mjamzito wakae mbali, na mikono ioshwe kwa sabuni na maji baridi.

SWALI: Alfajiri za Juni huku Makete, triga inalia lakini risasi haiwaki. Mchana inapiga vizuri. Je, risasi zangu ni mbovu? (Msomaji, Makete)

JIBU: Risasi mbovu haichagui saa. Kinachobadilika kati ya alfajiri na mchana ni mafuta. Kuna oili au grisi iliyoingia kwenye njia ya pini; baridi ya Kitulo na Makete huifanya nzito, pini inasafiri kwa kusita na kuigonga fataki kwa ulegevu. Chukua risasi moja iliyokataa utazame kitako: ukiona alama ndogo, isiyo na kina, jibu ni hilo. Alama ikiwa na kina kizuri na bado haikuwaka, hapo ndipo tushuku risasi.

Njia ya pini hukaa kavu. Kuisafisha ndani kunahitaji kutoa pini yenyewe, na hiyo ni kazi ya fundi silaha mwenye leseni. Baada ya hapo zingatia ile kanuni ya kushika slaidi mdomo chini.

Kuna la usalama. Triga ikilia na risasi isiwake, usifungue papo hapo. Mdomo ubaki umeelekea mahali salama kwa sekunde 30, kwani fataki iliyonyevuka yaweza kuchelewa kuwasha baruti. Kisha chomoa magazini, koki, itoke. Usiirudishe kuijaribu tena.

Na unapotoka kwenye baridi ukaingia chumba chenye moto, chuma hutoa jasho, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye jokofu. Jasho hilo huingia mpaka ndani. Iache ipate joto la chumba, halafu uifungue na kuifuta. Ukiipaka oili juu ya jasho umeyafungia maji ndani.

SWALI: Nilifungua zaidi ya vile vipande vinne nikitaka kusafisha vizuri. Springi ndogo imeruka, siioni, na bastola bado inafungika na kukoki. Naweza kuendelea kuitumia? (Msomaji, Mbeya mjini)

JIBU: Hapana. Springi ndogo ndani ya bastola ni ya kucha, au ya kishikizo, au ya kile kizuizi kinachoizuia pini isiende mbele bastola inapoanguka. Ikiwa ni hiyo ya mwisho, bastola yako inakoki, inalia, inaonekana nzima, na ikidondoka kwenye vigae inaweza kujipiga yenyewe. Weka magazini na risasi kando, ifungie mahali pake, umpelekee fundi silaha mwenye leseni, ukiwa na leseni yako. Umweleze wazi ulichofungua.

Springi tafuta kwa sumaku, ukiipitisha taratibu juu ya sakafu na kwenye mikunjo ya nguo ulizovaa siku ile. Safari ijayo tandika kitambaa cheupe ndani ya sinia lenye kingo. Kinachodondoka hakiendi mbali.

Msomaji wa Rungwe aliyeuliza kwa kifupi kuhusu bastola inayopata kutu ndani ya mfuko wa ngozi: ngozi hunywa maji, na dawa zilizotumika kuilainisha hula chuma. Risasi zilizoachwa kwenye vitanzi vya ngozi hufanya ukoko wa kijani kwa sababu hiyohiyo. Mfuko ni wa kubebea. Ukifika nyumbani bastola itoke, ifutwe, iingie kwenye sefu yenye vipakiti vya kukausha unyevu. Vikishiba maji vibadilishe.

SWALI: Mume wangu amefariki mwezi uliopita. Bastola yake imo kwenye droo chumbani, imeanza kutu. Nataka niisafishe kwanza ndipo niipeleke polisi, isionekane tuliitelekeza. Nifanyeje? (Msomaji wa kike, Njombe)

JIBU: Mama, pole sana kwa msiba. Usiisafishe. Kutu hiyo haikudai wewe kitu. Leseni ilikuwa ya marehemu kwa jina lake, haikurithiwa na mtu yeyote ndani ya nyumba, wala kijana aliyewahi kumuona baba yake akiifungua. Na hakuna ajuaye aliiacha chembani ikiwa na nini.

Funga droo kwa ufunguo, na chumba pia kama kinafungika. Ufunguo ukae kwako. Kama droo haina kitasa, watoto wasiingie humo kabisa. Usiibebe kwenye mkoba kuipeleka kituoni, hata kama kituo kiko karibu. Nenda wewe mwenyewe, au na shemeji, mkiwa na leseni ya marehemu mkiiona na cheti cha kifo, muwaeleze polisi wa wilaya kwamba silaha iko nyumbani na waje kuichukua. Omba karatasi ya kupokelewa yenye namba ya bastola na idadi ya risasi, uihifadhi pamoja na nyaraka za mirathi.

Kabla hawajaja, jaribu kukumbuka alikoweka risasi za ziada. Mara nyingi huwa kwenye mfuko wa koti, kwenye boksi juu ya kabati, au ndani ya gari. Ukiziona usiziguse, waonyeshe askari zilipo.